Muvi Inayotutosha Wote

Desemba huku kwetu ni mwezi wa mvua, na nyumba nyingi za Tunduma zimeezekwa bati lisilo na dari chini yake. Mvua ikishuka saa mbili za usiku, hakuna sabufa inayoweza kushindana nayo. Maneno yanamezwa, inabaki midomo ya waigizaji ikifunguka na kufumba. Kwa hiyo anayechagua muvi za kuangalia nyumbani wakati wa likizo, kabla hajajiuliza kama ni nzuri, anajiuliza kama itaeleweka bati likipigwa. Hapo ndipo Commando ya Arnold Schwarzenegger, iliyotoka mwaka 1985, inapoizidi tamthilia yoyote yenye mazungumzo ya kina. Binti ametekwa, baba yake anamfuata, maadui ni wengi na stelingi hafi. Mvua inyeshe hadi asubuhi, hakuna atakayepotea njia. Zile za maneno mengi, za Kihindi zenye kesi mahakamani na za Kikorea zenye fitina za ikulu, tunazisubirisha hadi usiku mkavu.

Mara nyingi tunazungumzia uchaguzi wa muvi kana kwamba ni suala la ladha ya mtu mmoja: wewe unapenda za mapigano, mimi napenda za mapenzi. Sebule ya Tunduma wakati wa sikukuu haina mtu mmoja. Shule zimefunga na watoto wa bweni wamerudi. Baba mdogo amepanda basi kutoka Dar es Salaam. Shangazi aliyeolewa Nakonde, upande wa Zambia, amevuka mpaka kwa miguu pamoja na watoto wake, ambao darasani wanasoma kwa Kiingereza na wakicheza wanaongea Kibemba. Bibi ameletwa kutoka Msangano ale Krismasi na wajukuu. Mchana watu wanapungua, maana likizo ya Desemba mkoani Songwe ndiyo wakati wa mahindi, na anayeweza kushika jembe yuko kwenye palizi au anatia mbolea. Usiku ndipo wote wanakaa mahali pamoja, wameshiba, wamechoka, na TV inawashwa. Muvi itakayowekwa saa ile ndiyo inayoamua nani atabaki sebuleni na nani ataaga kwenda kulala mapema. Na anayeaga mapema, ukichunguza, ni yuleyule kila siku.

Uchaguzi wenyewe huanzia mtaani, kwa kijana wa kompyuta. Sogea, Majengo, Mwaka, popote utamkuta: chumba kidogo kando ya barabara, mabango ya muvi yamebandikwa mlangoni, spika imeelekezwa nje. Unampa flash naye anakuuliza. TV yenu ni chogo au flati? Anauliza kwa sababu mwenye chogo huenda anategemea deki na anahitaji CD, na zipo flati zinazogoma kusoma baadhi ya mafaili, picha ikatoka bila sauti, halafu lawama zikamrudia yeye. Unataka za kutafsiri au orijino? Nyumbani kuna watoto, nikuwekee na katuni? Kisha anafungua mafolda: Kihindi, Kikorea, Kichina, Bongo, Kinaijeria, za vita, za dini. Muvi moja ikiwa na ukubwa wa MB 700, flash ya GB 16 inabeba kama 20 hivi, na hizo ndizo za sikukuu nzima. Madereva wa malori yaendayo Zambia na Kongo hupita kwake vilevile kujaza memori kadi zao, kwa sababu hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kufunguliwa Oktoba 2019, mpakani bado kuna kusubiri, na aliyelala kwenye kabini ya lori anahitaji kitu cha kumpitishia usiku.

Naupenda ukomo wa ile flash. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, nyumba inalazimika kukaa na kupatana kabla mtu hajatumwa dukani. Nimeziona karatasi za orodha hizo zilizochanwa kwenye daftari la hesabu: mbili za Jackie Chan, moja ya Kanumba, ile ya wachawi ya Kinaijeria sehemu ya kwanza na ya pili, ya Yesu, na chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu mwingine, katuni yoyote. Mwandiko wa mwisho ni wa mtoto aliyegundua kwamba amesahaulika. Mwenye intaneti isiyokatika hana haja ya karatasi wala ya kumuuliza mtu.

Jambo linalonigusa ni kwamba kwa miaka mingi watu wa huku hawakuwa na orodha ya kuandika. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa sinema kwa ajili ya Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara karibu na Korogwe. Walitengeneza filamu zaidi ya 30 kuhusu kuweka akiba posta, minyoo ya safura, kilimo bora na mengine waliyoona yanatufaa. Wakapakia mashine kwenye lori wakazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu hizo zilikuwa bubu. Sauti ilitoka kwenye santuri, na palipohitajika mtu alishika kipaza sauti akawaeleza watazamaji kwa lugha yao. Watu walitoka wengi kuangalia. Hakuna aliyewauliza wangependa kuona nini.

Baada ya uhuru, Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994, wakati ng'ambo ya mpaka, Kitwe, televisheni ilikuwa imeanza kurushwa tangu 1961. Wazee wa huku waliofanya kazi kwenye migodi ya shaba ya huko wangeweza kusimulia habari za sanduku lenye watu ndani yake kabla nchi yao haijawa na kituo hata kimoja. Kwa hiyo kwetu video ilitangulia televisheni. Deki na kanda za VHS ziliingia kwanza, vibanda umiza vikafunguliwa, na humo kwenye mabenchi ya mbao, kwa viingilio vidogo, Bruce Lee na Rambo wakawa watu wa nyumbani.

Walikuwa watu wa nyumbani kwa sababu kulikuwa na aliyewakaribisha. Namzungumzia mtafsiri. Derek Gaspar Mukandala, ambaye Watanzania wanamfahamu kwa jina la Lufufu, alishusha sauti za Wamarekani na Wachina akaweka yake juu yao. Peke yake alikuwa adui, stelingi, mama mjane na askari wa zamu. Alieleza kilichotokea nyuma ya pazia, akawapa wahusika majina tunayoweza kuyatamka, akatia methali mahali ambapo mwandishi wa Hollywood hakuwa nayo. Baada yake wakaja akina DJ Mark na DJ Murphy. Kenya wana DJ Afro, na Uganda kuna vijei wanaofanya kazi hiyohiyo kwa Kiganda. Ni sanaa kamili ya Afrika Mashariki, na ukoo wake ni wa masimulizi ya jioni kuliko wa sinema.

Najua wapo wanaozidharau muvi za kutafsiri. Kijana aliyerudi kutoka chuoni ndiye wa kwanza kusema weka orijino, hizi zinaharibu stori. Kwa upande wa stori ana hoja: mtafsiri huruka, huongeza, na mara nyingine hubuni kabisa. Lakini ukiweka orijino, sebule yenye watu kumi inabaki na watu watatu wanaoelewa, na saba wanaotazama picha. Maandishi yanayopita chini ya picha hayamsaidii asiyesoma Kiingereza, wala mwenye macho yaliyochoka, wala mtoto wa darasa la kwanza. Sauti ya mtafsiri inawafikia wote, hata aliye jikoni anayemalizia kuosha vyombo. Mimi nipo upande wake.

Huku mpakani kazi ya kutafsiri haiishii kwenye Kiswahili. Bibi wa Msangano anakijua Kiswahili cha sokoni na cha kanisani, lakini mtafsiri wa Dar es Salaam anaongea haraka, kwa misemo ya vijana wa mjini. Basi mjukuu anayekaa mkekani karibu na miguu yake anachukua zamu, anamnong'oneza kwa Kinyamwanga: huyu ndiye aliyemuua kaka yake, sasa amerudi, yule hajui. Hapo muvi ya Hong Kong iliyoigizwa kwa Kikantoni imepitia Kiingereza, ikaja Kiswahili, ikamfikia bibi kwa lugha aliyonyonya nayo. Binamu wa Nakonde, pamoja na Kibemba chao, nao wanaifuata vizuri, kwa sababu Wanyamwanga wapo pande zote mbili za ule mpaka na lugha ni moja. Mjukuu anayefanya kazi hiyo hukosa nusu ya mapigano na halalamiki. Bibi naye, akishaelewa, ndiye anayetoa hukumu kwa sauti: huyu kijana alilelewa vibaya.

Lipo jambo jingine kubwa ambalo vijana wa orodha huwa hawalifikirii. Sebuleni kuna wakwe. Kwa majirani zetu Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, ambao wengi wamehamia Tunduma kwa biashara, zamani mke wa mtoto hakutakiwa hata kukutana njiani na baba mkwe wake. Alikwepa na kujificha. Leo wanakaa chumba kimoja, lakini heshima ile haijaisha, imebadilika umbo. Weka muvi ambayo katikati yake watu wanavua nguo, uone. Baba anakumbuka kwamba hajafunga geti. Mkwe anakumbuka sufuria jikoni. Rimoti inatafutwa chini ya mito na haionekani. Filamu ikipita hapo, wanarudi wawili watatu, wengine hawarudi tena usiku ule. Kwa sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976, Bodi ya Filamu inakagua filamu na kuzipangia umri wa watazamaji. Faili lililo kwenye flash halina umri juu yake, lina jina tu, na pengine hilo nalo limekosewa herufi. Anayejua kilichomo ni kijana wa kompyuta, na wapo vijana waungwana wanaokuambia waziwazi: hii mama, usiangalie na wazee.

Pengine ndiyo sababu habari za wakwe wenyewe, zikichezwa kwa adabu, zinapendwa na wote. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyowekewa sauti za Kiswahili, ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Mji wetu unakatizwa na reli ya TAZARA ambayo Wachina walikuja kuijenga pamoja na Watanzania na Wazambia miaka ya sabini, na bado wengi wetu tulikuwa hatujaona Mchina akigombana na mkwewe kuhusu chakula. Miaka kadhaa baadaye Azam wakaleta Sultan ya Kituruki, nayo kwa sauti za Watanzania, na jioni fulani fulani ilikuwa vigumu kumpata mtu wa kukuuzia nyanya.

Na Bongo Movie je? Hizi ndizo ambazo hakuna anayehitaji kunong'onezwa. Steven Kanumba alipofariki Aprili 7, 2012, watu walilia hadi Vwawa na Mlowo, kwa sababu walikuwa wakimwangalia kila sikukuu. Watoto walioizoea filamu yake ya Uncle JJ wakati ule sasa wana watoto wao, na bado flash haijazwi bila yeye. Ukitaka kumchekesha bibi na baba mkwe kwa pamoja, weka Mzee Majuto. Marehemu huyo, Amri Athumani kwa jina lake halisi, aliyetutoka Agosti 2018, alikuwa na uso uliotosha. Hata mvua ikiwa kubwa unamwelewa. Ukitaka kuwakalisha vijana wa chuo wasishike simu, tafuta Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, nayo ni Kiswahili cha Unguja cha miaka ya hamsini, kitamu, na usiku wa kuiweka ni ule usio na mvua kabisa.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Muvi tunayoijaza kwenye flash kwa shilingi mia chache haimpelekei aliyeigiza hata senti. Waliotengeneza Bongo Movie walizoea kuishi kwa kuuza CD, na CD ziliponakiliwa kila kona, kisha flash zikaingia, biashara ile ilivunjika na wasanii wengi wakahamia kwenye tamthilia za ving'amuzi. Simlaumu mama wa Chapwa ambaye hana njia nyingine ya kumwona Kanumba. Lakini mwenye uwezo wa kulipia kifurushi cha mwezi wa sikukuu, au kuinunua filamu mahali mwenyewe anapoiuza, na akachagua bure, anamnyima kazi yule anayempenda. Tunawapa wachezaji wa mpira haki yao mlangoni. Waigizaji nao wana watoto wa kusomesha.

Miaka hii ya karibuni naona sebule ikibadilika. Kila mwenye simu ana bando, ana vifaa vya masikioni na ana muvi yake. Kijana yuko pembeni na Wakorea, binti yuko chumbani na Waturuki, baba mdogo anaangalia mpira. TV inawaka peke yake mbele ya bibi, ambaye hajui kubadili chaneli na hataki kusumbua mtu. Kila mmoja amepata alichokitaka na hakuna aliyekosewa heshima na busu la ghafla. Hakuna pia anayenong'onezwa kwa Kinyamwanga. Mtoto aliyekuwa akikaa miguuni kwa bibi alikuwa akijifunza maneno ambayo hafundishwi shuleni, kwa sababu usiku mmoja alilazimika kutafuta namna ya kumweleza mtu wa Msangano maana ya ninja. Somo hilo halipo kwenye simu yoyote.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya tunapata bahati ambayo miji mingine haina. Saa za Zambia ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tunduma tukishapiga kelele zetu za saa sita, upande wa Nakonde bado ni saa tano, mwaka wa zamani haujaisha, na shangwe zao tunazisikia saa moja baadaye. Saa hiyo moja ya katikati hakuna anayetaka kulala. Ndiyo saa ya muvi bora kuliko zote za msimu, watu wote wako macho, soda zipo, na mgeni wa Nakonde anasubiri mwaka wake. Ningependa saa hiyo tuwe na kitu cha kwetu cha kuweka: dereva aliyekwama foleni na mke wake Kapiri Mposhi, mama wa kubadilisha kwacha, mtoto wa Momba aliyepanda TAZARA kumfuata baba. Kwenye kompyuta za vijana wetu nimeona folda za nchi nyingi, folda ya Songwe sijaiona. Kamera zipo kwenye simu, waigizaji wapo makanisani na mashuleni, na lugha tunazo tatu nne za kuchagua. Ninyi vijana wa Vwawa, Mlowo, Itumba na Tunduma mnaojirekodi kila siku mkicheza muziki wa wengine, rekodini hiyo. Tutaijaza sisi, na tutailipia.

Kwa sasa flash iko mezani na kesho mtu atatumwa dukani. Kabla hajatoka, mpe bibi nafasi ya kusema anataka kuona nini, na akisema chochote tu, usikubali jibu hilo. Muulize tena kwa lugha yake.